Joto la Maswali

Desemba, Koskivaara, jua huchungulia saa nne asubuhi,
likaona limekosea mlango, likarudi.
Tuovi, miaka themanini na mmoja,
ameanika soksi za sufu juu ya rejeta ya ukutani.
Kisigino kimoja kimetiwa uzi mwekundu
kwa kuwa wa kijivu ulikwisha.

Joto hili si la kuni,
si la makaa.
Linatoka ng'ambo ya mto, kiwanda cha karatasi
kisichotengeneza tena karatasi.

Miaka thelathini na mmoja alisimama pale
akipindua karatasi, moja, moja, moja,
kidole gumba kikijua kabla ya jicho
ipi ina kovu.
Siku ya kufunga walipewa keki na saa ya mezani.
Saa ilikufa kabla keki haijachacha:
hivyo ndivyo alivyopenda kusimulia,
na Urho, mumewe, alicheka kila mara
kana kwamba hajawahi kuisikia.

Sasa ukumbini mwa mashine namba tatu
zimesimama kompyuta, safu kwa safu,
kama makabati ya jikoni kusikopikwa.
Walinzi wanne. Fundi mmoja.
Zamani watu mia sita waliingia kwa mlango ule
na mikate mifukoni.

Fundi, kijana aitwaye Onni, alikuja kukaza valvu.
"Mashine zikifikiri," alisema, "zinatoka jasho.
Jasho lile tunalitia kwenye maji,
maji yanakuja kwako."
"Zinafikiri nini?"
"Chochote watu wanachouliza."

Tangu siku ile usingizi wake una matundu.
Huegemeza mgongo kwenye chuma, akategea.
Mtu, katika mji asioujua,
anauliza kikohozi cha mtoto kikipita siku tatu ni nini.
Mwingine anamtukana jirani na kuficha jina.
Msichana anafuta picha, anairudisha, anaifuta.
Benki inahesabu deni la mtu aliyelala.
Dawa na tusi, havichaguani bombani,
vyote vinamkaushia soksi.

Msidhani anasifu.
Dirisha la benki lilifungwa, la posta likafuata,
na leo ili alipie maji ya kunywa
sharti athibitishe kwamba yeye ni yeye
kwa tarakimu sita zinazokufa baada ya nusu dakika.
Vidole vyake vinataka dakika nzima.
Mara tatu skrini imemwambia
kwamba yeye si Tuovi.
Mara ya tatu nusura aamini.

Mjukuu wake, Eelis, alimletea kompyuta ya kibao,
akaiacha mezani
kama mtu anayesafiri aachavyo mbwa kwa jirani.
Wiki mbili ilikaa chini ya gazeti.
Jana usiku aliifungua.
Kwa kidole kile kile, gumba la kutafuta makovu,
akaandika: Urho Lehtovaara mashine namba tatu

Duara likazunguka.
Likamletea Urho muuza viatu,
kilele cha mlima,
kaburi la mgeni huko Kanada.
Wake hakuwamo.
Mtu aliyefanya kazi ndani ya kuta zile zile
zinakokaa kumbukumbu za dunia,
na dunia haina hata mstari mmoja wake.

Akainuka, magoti yakilalamika.
Akaweka kiganja kwenye rejeta.
Pengine swali limeshavuka mto,
pengine pale aliposimama Urho na kopo la grisi
taa ndogo ya kijani imepepesa kwa jina lake,
ikatoka jasho, tone moja,
na tone liko njiani, chini ya theluji.

Chuma kilikuwa na joto la jana, si zaidi.

Akageuza soksi upande wa pili.
Akarudi mezani,
akaliandika tena,
safari hii pamoja na jina la utani
ambalo walilijua wao wawili tu.