Pia ya Kwanza

Kampuni ni moja, mwenye mali ni mmoja,
hata sare za wafanyakazi ni zilezile, njano na bluu,
lakini ukimwuliza Shiundu atakwambia
Pia ni ile ya South B tu,
nyuma ya maghala, ubavuni mwa reli,
pale upepo wa asubuhi huleta harufu ya mkate
na ule wa jioni hauna haja ya kutajwa.

Ya Ruaka ilifunguliwa kwa bendi na keki ya ghorofa tano.
Ya Syokimau ina maporomoko, ina mashua za plastiki,
ina bangili inayokata pesa bila kukuaga.
Sisi tuna tiketi za karatasi ya waridi
anazozichana Mutheu kwa meno,
mkono mmoja ukiwa kwenye breki.

"Tuna Pia ya Ruaka, na ya Syokimau pia!"
Tangazo la redio lilijichekea kwa ufundi wake.
Hatukucheka.
Pia ni kipande cha mti kilichochongwa,
huzungushwa kwa kamba, husimama kwa ncha moja.
Ncha moja, alisema Shiundu, kidole juu,
nani aliona pia yenye ncha tatu?

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana langoni:
Nyakerario wa benki, aliyeolewa Kitengela,
anayepita Syokimau bila kugeuza shingo;
pacha wa Opondo, wanaojua kwa sikio
ni beringi ipi inayolia leo;
mimi, na binti yangu aliyehongwa aisikrimu.
Tunalisifu gari la milima lenye mlima mmoja.
Tunagombania kikapu namba kumi na moja,
ambacho mlango wake umefungwa kwa waya.

Mwezi Machi Shiundu alikuja na mikono mirefu, jua kali.
Nyakerario akamkunja shati.
Bangili ya Syokimau, haijakatwa.
"Ilikuwa sherehe ya shemeji. Nililazimika."
"Na ulipanda?"
Kimya.
"Ulipanda, Shiundu?"
"Mara nne."
Tulimtoza soda za watu wote
na siku hiyo hakukaa namba kumi na moja.

Nilikunywa soda yake nikitazama viatu vyangu.
Maana mimi nilikwenda Ruaka, Jumanne moja ya Januari,
peke yangu, kama anayekwenda kwa mganga.
Gurudumu lao lina vioo, lina muziki, halitikisiki.
Nilipanda kile kitu walichokileta kutoka Italia
nikapiga mayowe mpaka sauti ikaniisha,
na ilikuwa tamu.
Tamu kuliko yetu. Nimelisema.
Nikashuka, nikatafuta wa kumwambia,
kila mtu akikimbilia foleni nyingine.

Nilipokuwa na miaka tisa stima ilipotea
tukiwa juu kabisa, mimi na baba, namba kumi na moja.
Dakika arobaini. Mutheu, msichana bado,
alitupigia kelele kutoka chini: msicheze na huo mlango!
Baba, ambaye maneno yake nyumbani
yalipimwa kwa kijiko kama sukari,
aliyatazama mabati ya Mukuru, akasema
kiwanda kimewafuta, wote sabini,
nisimwambie mama kabla ya Ijumaa.
Kisha akanionyesha ndege inayotua Wilson
tukabishana kama ni ya abiria au ya miraa.
Stima iliporudi alinishika mkono
kana kwamba mimi ndiye mkubwa.
Nilitunza siri mpaka Ijumaa, saa mbili usiku.

Sasa hilo nitalipandia wapi, kule Ruaka?

Jumamosi hii waya umebadilishwa,
rangi ya bluu inabanduka na chini yake ni bluu ya zamani.
"Mama," binti ananiuliza, mdomo una aisikrimu,
"kwa nini hatuendi kule pia?"
Mutheu anachana tiketi, anatema kipande.
Shika hapa, namwambia. Hapo pana kutu. Hapa.