Mkono wa Kushoto

Miaka mitatu gari langu halikujua kuaga likikata kushoto.
Austin ya hamsini na tatu, rangi ya moshi wa kuni,
nililinunua Loughborough kwa mjane
aliyetaka tu nafasi ya kuotesha nyanya.
Injini niliifufua. Breki nilizivika viatu vipya.
Lakini kwenye nguzo za milango, palipochongwa mifuko myembamba,
mkono wa kulia ulichomoza ukiwaka rangi ya chungwa,
na wa kushoto palikuwa na tundu,
na ndani ya tundu, buibui.

Nilitafuta.
Magulio ya vyuma, asubuhi za umande,
kabureta zimepangwa kwa mafungu kama viazi,
nami nimepiga magoti kwenye nyasi za Newark
nachambua ndoo za swichi.
"Upo wa plastiki, mzee, umetoka kiwandani jana."
Sitaki wa jana.
Nataka uliozaliwa na mwenzake,
namba ileile mgongoni, kutu ya umri uleule.
Mwanamisi akasema: mume wangu,
hata hayo meno yako si ya asili.

Kisha Novemba, fununu. Leicester, nyuma ya duka la sari,
banda la Harbans Kalsi, limejaa hadi darini.
Nilikuwa nahesabu noti kwa sauti ndogo, arobaini, hamsini,
akanitazama juu ya miwani:
"Sitini ikifika usisimame. Wewe mtu ya wapi?"
Kiswahili cha gereji,
kilichopanda ndege mwaka sitini na nane
na hakijaongezwa neno tangu hapo,
kina grisi kwenye ngeli zake zote.
"Hii mkono iko. Lakini uza, hapana."

Akavuta turubai.
Austin. Ya hamsini na tatu.
Ubavu wa kulia, tundu.
Ndani ya tundu amesokota gazeti kuzuia baridi.

Tulitazamana kama wakwe wanaodaiana mahari.
Mkono mtupu haulambwi, nikamwambia, taja bei.
Mkono moja hapana chinja ng'ombe, akajibu, taja wewe.
Chai ya tangawizi ikaja, ikapoa. Ikaja nyingine.
Hakuna aliyesema, lakini tulijua:
hii miwili isilale tena nyumba mbalimbali.

Akafungua droo, akatoa shilingi ya kale,
simba upande huu, mfalme upande ule.
Nikasema simba.
Ikazunguka juu ya benchi, kati ya spana na maganda ya karanga,
ikasitasita,
ikalala kichwa.

Wangu niliuchomoa mwenyewe. Skrubu mbili, waya mmoja.
Hakuniharakisha. Alinishikia tochi.

Siku hizi Jumapili tunatoka pamoja, barabara ya Melton,
yeye mbele. Penye kona mikono yake inainuka kwa zamu,
midogo, inang'aa,
kama mwanafunzi anayelijua jibu.
Mimi nyuma nashusha kioo,
natoa mkono wangu, huu wa nyama na saa:
kulia naunyoosha,
kushoto nauzungusha kama mtu anayekoroga uji,
na mvua ya Leicester inanitambaa hadi kwapani.
Mwanamisi, kando yangu, amejifunika ramani magotini.
"Angalau huo," anasema, "ni wa asili."