Mlango wa Nne

Tororo, mvua ikipiga mabati ya karakana,
Fundi Bachittar alinifundisha kupiga randa
kwa kuufuata uzi wa ubao, si kwa nguvu.
"Ofwono, mti unakumbuka. Usiukwaruze kinyume."
Nilikuwa na miaka kumi na minne, na njaa.
Mji mzima ulimwita Kalasinga, naye aliitika.

Alinisimulia kwao msumeno ukienda,
karne moja kwa kila ubao wa mvule,
nami nilizichanganya, nazichanganya hata leo.
Kwamba jina la nchi yao ni hesabu: mito mitano.
Kwamba wa kwanza wao alizama mtoni siku tatu
akaibuka akisema hakuna mtu wa huku wala mtu wa kule,
kuna jasho lako, na sahani ya kugawana.
Kwamba mwingine aliketishwa juu ya chuma cha moto
na hakulaani.
Kwamba mwingine alikatwa kichwa Delhi
akitetea sala ambazo hazikuwa zake.
Hapo alisimamisha msumeno.
"Ambazo hazikuwa zake," akarudia,
akapuliza unga wa mbao.

Tukawafikia wale watano walioitwa watoe vichwa,
wakanyweshwa maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga.
Sukari ya nini? nikauliza.
Akasema, upanga usio na utamu ndani yake
hauchagui wa kumkata.

Ufalme wa Lahore ulikuwa ubao mfupi.
Waingereza, ubao wenye vifundo:
askari, kodi, bustani yenye njia moja ya kutokea
na bunduki zimesimama njiani.
Kisha reli. Baba yake alishuka Kilindini na sanduku la patasi,
akaja akigonga mataruma hadi chini ya mwamba wetu.

Kisha mtu akachora mstari.
Kijiji chao kikaamkia nchi nyingine
bila nyumba hata moja kusogea.
"Mstari huo naujua," nikasema.
"Shangazi yangu yuko ng'ambo ya Malaba.
Kukiwa na msiba tunavuka na mbuzi na karatasi."
Alicheka, ndevu zikamwaga vumbi.
Sikuwahi kumwona akicheka.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya hekalu lao dogo
nyuma ya stesheni. Milango minne,
kila upande wa dunia na wake,
anayekuja aingie, akae chini, ale.
Tulitundika mitatu.

Redio ikasema siku tisini.

"Rudi kwenu," askari alimwambia kizuizini.
Kwao kupi? Kwao kulivuka mpaka bila yeye.
Walichukua saa, wakachukua dhahabu ya mkewe, Harnam;
bangili ya chuma mkononi mwake
waliipindua, wakaona haina bei, wakamwachia.
Mimi aliniachia randa
na mlango wa nne, umeegemea ukuta.

Hekalu likawa ghala la saruji,
kisha la askari, kisha la popo.
Mlango niliulaza juu ya matofali ukawa meza.
Watoto wangu saba. Wajukuu, nimeacha kuhesabu.
Wakati wa vita vya Teso, watu nisiowajua majina,
mwanamke mmoja na ndoo tu, hana hata kiatu.
Wote walikula posho na mukene juu ya mvule ule.
Sufuria zimeacha miviringo myeusi,
na yupo aliyechonga jina lake kwa kisu, nikamchapa.

Mwaka jana alikuja binti kutoka Uingereza,
Simrat, bangili ya chuma, simu mkononi,
picha ya karakana yangu ndani ya simu.
Alitaka kuununua.
Nikamwambia meza haiuzwi, chakula kipo.

Alikula kwa mkono, taratibu, akamaliza.
Kisha akapapasa ukingo wa mbao, huku na huku,
akitafuta tundu la kitasa.

Halipo.
Nilimuuliza babu yake, siku zile, tulichimbe wapi.
Aliendelea kupiga randa.