Pengo la Randi Mia Tisa na Kumi

Mama alikuwa na daftari la jalada jekundu,
limening'inia kwa kamba nyuma ya mlango wa jikoni,
huko Phuthaditjhaba, ambako Julai maji huganda bombani
na theluji ya Maluti hutuchungulia kama mdai.
Alfajiri alikaanga magwinya, maandazi yetu ya mafuta mengi,
akayauza langoni pa shule niliyosoma,
nami nikapita kando kama nisiyemjua.
Hilo nalo ni deni. Sijui niliweke safu ipi.

Neno leja hakuwahi kulisikia.
Aliandika: Ntate Mofokeng, manne, mwisho wa mwezi.
Mwalimu mgeni, mawili, kalipa moja.
Mtoto wa Mmadikgang, moja, njaa.
Na mbele ya njaa hakuweka bei.

Bwana Tshehla wa hesabu, koti moja miaka yote,
ndiye aliyeleta fomu ya ufadhili kutoka Bloemfontein.
Akasema: wanatafuta wahasibu
kutoka nyumba ambazo mwenye kalamu huingia tu
anapokuja kuorodhesha vitu vya kuchukua.
Nikajaza. Swali la saba, kazi ya baba:
nikaacha wazi.
Mgodi nao uliacha wazi.

Walilipa ada, chumba, vitabu,
hata miwani, maana miaka kumi na miwili
sikujua kwamba ubao una maandishi hadi pembeni.
Walimlipa na mtu wa kutuuliza kila Jumatano: umekula?
Mwaka wa pili nikaanguka somo la kodi,
nikafunga sanduku.
Bi Adonis akaja akalifungua,
akatoa nguo moja moja, akazitundika, bila neno.

Ukaguzi wangu wa kwanza, kiwanda cha mabati, Welkom,
meneja alinikabidhi trei ya vikombe.
Nikaipokea. Nikaiweka chini.
Nikaomba stakabadhi za miezi kumi na miwili.

Mtihani wa mwisho niliufanya mara mbili. Sisemi zaidi.

Mama alipofariki, wenzangu walichukua blanketi na sufuria;
mimi nikaomba daftari.
Usiku wa matanga, kwa mazoea tu ya kazi,
nikaanza kulikagua, kidole kikishuka mstari kwa mstari.
Kila kilichotoka kilikuwa na mahali kilipoingia,
mwaka baada ya mwaka, unga, mafuta, mkaa,
isipokuwa Novemba ile:
randi mia tisa na kumi zimetoka,
hazikuingia popote.
Nikajumlisha upya. Nauli ya teksi kwenda na kurudi,
viatu vyeusi, picha nne ndogo, cheti cha kuzaliwa,
chupa ya maji na chungwa la njiani.
Pengo lile lilikuwa mimi.

Naitwa Puseletso. Kwa Kisotho, kilichorudishwa;
nilizaliwa baada ya mmoja kuzikwa.
Lakini randi zile sikuzirudisha, wala hazirudishiki,
na mkaguzi mwaminifu hazibi pengo,
huandika tanbihi chini ya ukurasa.
Hii ndiyo tanbihi.

Siku hizi nami nakaa kwenye jopo.
Fomu mia sita, nafasi arobaini.
Usiniambie mlango umefunguliwa:
umeachwa mwanya, na mwanya una foleni,
na foleni ina watoto walioazima viatu.

Leo nimesoma ya kijana wa Matatiele, Lwandiso.
Penye kipato cha familia ameandika:
Kuku kumi na mmoja. Wawili hawatagi.
Mmoja si wetu, ila hulala kwetu.

Nimecheka, kisha nimevua miwani.
Halafu pembeni, kwa penseli:
Huyu ametenga kisicho chake.
Aitwe. Nauli tumtumie kabla, si baada.