Redio Usiiguse

Mama aliponipa ufunguo alisema:
mlango fungua, kiti ng'oa, toboa utakapo,
lakini redio iliyokuja na gari usiiguse.
Vidole vyangu vinaijua gizani.

Basi saa moja asubuhi niko Sanaiya ya Mabela,
mwezi wa Juni, hewa ishanuka raba ya kukaangwa,
mbele ya duka la Shaju
na Prado nyeupe ya mwalimu mstaafu.
Namweleza kwa Kiarabu cha dukani, nusu mikono:
ikivuka kilomita mia upepo unakula taarifa ya habari,
Mama anaongeza sauti, sauti inapasuka,
naye kwa hasira anaongeza mwendo.

Shaju akanionyesha skrini pana kama sinia la pilau.
Nikasema la.
Akaiinamia redio, kitufe cha tatu kishafutika namba,
kisaa chake cha kijani kinasema 1:10.
"Saa mbovu," alisema.
Sikumjibu. Nilikuwa naulizia bei.

Usoni hakuigusa. Aliipitia kisogoni.
Betri kubwa alipoichomoa
aliiwekea kibetri cha kushika roho
isije ikasahau stesheni zake.
Neno likishamtoka mdomoni, alinambia,
kabla halijafika mlangoni nalidaka,
nalitia kwenye kijisanduku hiki, kinalipoza,
nalipeleka chini ya kiti, kwenye amplifaya.
Mdomo ule ule wa mzee,
kifua cha kijana.

Waya mwekundu, mnene kama kidole gumba,
ukapenya ukuta wa injini, ukalala chini ya zulia.
Fyuzi yake shibiri moja kutoka kwenye betri.
Hapo Shaju hana mzaha,
aliwahi kuona Patrol ikiungua njia ya Nizwa
na mwenyewe amekaa kando juu ya spea tairi,
anaitazama.

Spika za kiwandani zilitoka nyepesi,
chapati za juzi.
Na ndani ya mlango wa dereva tukakuta
kokwa mbili za tende,
risiti ya petroli ya bei ile ya zamani,
na kipuli kimoja cha dhahabu
ambacho miaka tisa sasa
kimeibwa na mama mdogo Raya.

Nikakitia mfukoni. Tukaendelea.
Bati la mlango tukalibandika utando mzito mweusi.
Asubuhi ukiligonga lililia kama sufuria,
sasa likasema ndu, basi.

Mama alikuja kwa teksi, saa kumi kasoro,
akaketi, hakuuliza waya wala spika.
"Nani kanichezea saa?"
3:47, ya kijani, sahihi kwa Maskati nzima.
Shaju, kwa wema wake tu, alikuwa ameitengeneza,
wala kwenye hesabu hakuitia.
Mama akabonya mara sita, anahesabu kwa midomo.
9:47.
"Haya, imepona."

Kitufe cha tatu, bila kutazama.
Mtangazaji kabla ya neno la kwanza
alivuta pumzi.
Mama akanishika mkono.
Miaka yote hii, kumbe huyu mtu anapumua!
Tukasikia hata karatasi yake ikifunuliwa,
tukasikia Sohar vumbi, Sur upepo, Masira mawimbi,
na mimi nikaona ndiyo wakati,
nikamwekea kipuli kiganjani.

Alikigeuza mpaka hali ya hewa ikamalizika.
Hakusema kitu. Akafunga mkanda.

"Nyumbani kulia," nilimkumbusha.
Akawasha taa ya kushoto, upande wa Barka,
kwa Raya.

Redio aliipunguza mpaka ikanyamaza.
Kilomita mia na kumi, na mlango haupitishi upepo tena,
kwa hiyo nilimsikia vizuri sana
anaijaribu sentensi chini chini,
anaikatiza,
anaanza tena na jina la mdogo wake.