Swali la Kumi na Saba

Amerudi na penseli mpya na pakiti ya biskuti.
"Mama, leo mtihani sikukosa hata moja."
Somoe wangu, ambaye kwa hesabu kumi
akipata nne tunashukuru.
"Maswali arubaini na mawili. Na mgeni akasema
hakuna jibu baya, tuandike tu la kweli."

Nikaiacha kofia mapajani, sindano ikining'inia.
Kweli ipi hiyo, mwanangu, inayolipwa kwa biskuti?

Akahesabu kwa vidole vyenye chengachenga:
mnalala wangapi chumba kimoja,
baba yuko wapi, mara ya mwisho alirudi lini,
mnakula mara ngapi, na siku msiyokula mnafanyaje,
yuko mtu nyumbani anayetafuna au kuvuta,
na la kumi na saba:
nani katika nyumba yenu hulia usiku.

"Ukaandika nani?"

Akatafuna kwanza. Akameza.
"Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu."

*

Nyumba hii aliijenga babu wa mume wangu
kwa watu wajuao kungoja.
Mgeni hupiga hodi, akakaa dakani.
Akikaribishwa, tekani. Akizoeleka, kiwandani.
Miaka saba jirani yangu Barke
hajauvuka msana wa tini, na hatujagombana.
Na ndani kabisa, tunakozalia na kuoshea maiti wetu,
hata kaka yangu huomba njia.

Karatasi ile ilipita kote huko
bila kuvua viatu.

*

Mwalimu mkuu alinipa kiti, akanigeuzia feni.
Barua ilitumwa, alisema, Ijumaa, mkobani mwa mtoto:
asiyeridhia alete jibu kabla ya Jumatatu,
asiyejibu amekubali.

Barua nimeiona, mwalimu. Ilikuwa imefungiwa bajia.
Na kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake,
hilo twalijua sote,
lakini mimi si mwari
na wale hawakuja na posa.

Akacheka kidogo. Akaanza: "Mficha maradhi, mama..."
Maradhi huonyeshwa tabibu, mwalimu, si karani.

"Basi jina hawakuandika. Ni namba tu.
Yeye ni thelathini na moja."

Msichana, darasa la nne, mtaa wa Langoni,
mamake mshona kofia,
babake yuko melini tangu Rajabu ya mwaka juzi.
Nikamuuliza: thelathini na moja wa namna hiyo unao wangapi?
Mji huu ukipiga chafya Mkomani
Langoni wanakuombea rehema.

Akaitazama feni.

Nikaitaka karatasi yangu. Si yako, akasema,
ni ya utafiti, imeshavuka Mokowe na boti ya asubuhi.
Nikaandika palepale, nyuma ya risiti ya pesa za chakula,
herufi kubwa kama za mtoto:
MWANANGU ASIULIZWE YALIYOMO NDANI MWANGU
KABLA SIJAULIZWA MIMI.
Nikataka igongwe muhuri.
Muhuri anao karani, akasema, na karani ameenda kula.

Nikamngoja karani.

*

"Nilikosa, mama?"
Hukukosa. Uliulizwa, ukajibu. Kosa lina wenyewe.
Nikamfundisha jibu la arubaini na tatu:
*Ngojeni kwanza nikamuulize mama.*
Akaliandika mara tatu kwa penseli yao,
akainoa, akaandika tena.

Usiku ule sikulia.
Sababu zangu zote zilikuwapo, palepale chini ya mto,
lakini nilizisikia pumzi zake upande wa pili wa pazia,
nyepesi, zilizopimwa,
pumzi za mtu aliye macho,
mwenye penseli.