Kamba ya Katani

Mchungwa wa tatu kutoka choo cha zamani,
hapa Potwe, ndilo darasa langu.
Sina darubini. Nina miwani ya marehemu Shebughe,
sikio lake moja nimelifunga uzi.

Asubuhi, umande haujakauka,
maji moto wanashona.
Wamejipanga ukingoni mwa jani,
huyu kamshika huyu kiuno,
yule kamshika yule,
wanavuta
hadi jani limfikie mwenziwe.
Kisha anakuja mmoja na buu mdomoni,
mtoto wao, mweupe kama punje ya wali.
Anamgusisha jani hili, anamgusisha lile,
na mtoto anatema uzi.
Nilirudia kutazama mara tatu.
Sindano yao ni mtoto.

Mama alishona kwa cherehani ya miguu
nami mgongoni.
Sikuwahi kumuuliza nilichangia nini.

Kilua, mchumaji, hawataki hata kuwasikia.
Hupanda kajipaka majivu hadi kwapani,
hushuka anajipiga makofi, anatukana ukoo mzima,
machungwa matano ndani ya shati.
"Piga dawa, bibi. Kifuniko kimoja tu."

Mwaka juzi nilipiga, mchungwa wa nne.
Kesho yake mti kimya,
ukiuegemea hakuna anayekuuliza.
Nikafurahi, sitasema uongo.
Ulipofika msimu, machungwa yalianguka mabichi,
yana vitundu kama vya pini,
na ndani mabuu,
mabuu wasiojua kushona chochote.
Nzi waliingia walivyotaka.
Mwenye nyumba nilikuwa nimemuua mwenyewe.

Safari hii nimesokota kamba ya katani,
nimeifunga kutoka mti wa tatu
mpaka wa nne, ule niliounyamazisha.
Kilua kaniuliza kama naanika nguo.

Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, upepo tu.
Ya tatu akatoka mmoja.
Akafika katikati, akasimama,
akainua kichwa,
akapima hewa kwa vipapasio,
akarudi.

Nikaandika daftarini: saa nne na robo, amerudi.
Nikavua miwani, nikaifuta kwa kanga, nikaongeza:
alikimbia. Hakimbii hivyo
asiye na habari ya kupeleka.

Hapo ndipo nilipohisi moto
kwenye kidole hiki cha kuandikia.
Nikamwacha amalize.